Kiuno cha Baba Mtarajiwa

Jumatatu, 3 Machi

Nyumba kimya. Mke wangu yuko kwa dada yake tangu daktari alipoamuru apumzike hadi ajifungue. Ngazi za kwetu ni nyingi, eti. Kweli ni nyingi. Mimi mwenyewe husimama katikati nikijifanya natafuta funguo.

Miaka hamsini na sita, ndiyo kwanza napata mtoto! Mwenye duka la vitambaa alipoona nachagua flana ya mtoto mchanga aliuliza kama nimepata mjukuu. Nikaitikia. Aibu tupu.

Leo muuguzi kanipima. Presha juu, tumbo mbele. Nimekula chumvi nyingi, kwa umri na kwa sahani. Kasema nitembee. Nikauliza kama hakuna kidonge cha kutembea. Hakucheka. Mke wangu kwenye simu naye hakucheka. Alisema hakungoja miaka yote hii ili alee yatima. Jumapili nikienda kumwona ataikagua suruali yangu ya kijivu. Isipoanza kulegea kiunoni, akijifungua atabaki hukohuko na mtoto.

Nimepakua sahani mbili kwa mazoea. Nikala zote mbili.

Jumanne, 4 Machi

Nimekimbia! Kona ya kwanza tu, nikakutana na mteja ambaye suti yake nimekuwa nikimwambia "kesho" tangu alipochumbia. Ameshaoa, kwa suti ya kuazima. Kuona fundi anakimbia asubuhi, akadhani natoroka na kitambaa chake. Akanifukuza hadi sokoni huku akiniita mwizi. Mazoezi ya kutosha kwa wiki nzima.

Alhamisi, 6 Machi

Mwanyumba wangu, aliyemwoa dada wa mke wangu, kapiga simu kunitia moyo. Mstaafu, ana wajukuu, na bado tumbo lake bapa kama meza yangu ya kukatia. Simpendi. Eti kila asubuhi humfundisha mke wangu kupumua. Kupumua! Alikuwa anapumua vizuri tu kabla yake. Eti mtoto akisikia sauti yake hupiga teke. Teke la mwanangu mimi sijaligusa hata mara moja.

Nikasema nina mteja, nikakata simu. Sikuwa na mteja. Nilikaa kwenye kiti cha mke wangu, pale anapotilia vifungo, nikashindwa kushona chochote. Nimemkumbuka. Hata kunigombeza kwake.

Ijumaa, 7 Machi

Akili ni mali! Mke wangu alisema suruali ilegee. Hakusema tumbo lipungue! Nimefumua mshono wa nyuma, nikaachia kitambaa chote kilichokunjwa ndani, nikaunga pande jembamba kila ubavu. Kazi safi, jicho haliwezi kuona. Nikavaa, ikaporomoka hadi magotini. Mkanda utaishika. Nimejipongeza kwa nyama ya kukaanga na chumvi kidogo. Kidogo, mara mbili.

Jumapili, 9 Machi

Mambo yalianza vizuri. Mwanyumba alinisifu, akataka kujua siri. Nikamwambia ni nidhamu. Kisha mke wangu akaniita karibu, akapitisha vidole ndani ya kiuno. Hapo nikajua nimekwisha. Suruali zangu zote humalizia yeye kwa mkono. Akasema mshono huu si wake. Mwanyumba alitoka nje haraka, mabega yakimtikisika.

Nilitegemea kelele. Akalia. Alisema hanitaki mwembamba, ananitaka mzima. Kwamba akijilaza huwaza ni nani atakayemshika mtoto mkono siku ya kwanza ya shule. Halafu akauchukua mkono wangu, akauweka tumboni kwake. Teke! Teke la haja! Nikalia na mimi, mbele ya dada yake.

Nimeahidi kwa moyo wangu wote. Akajibu kwamba ahadi za mafundi anazijua. Jumapili ijayo niende na utepe wangu wa kupimia, anipime mwenyewe. Inchi mbili zikipungua, atarudi nyumbani na mtoto.

Jumatano, 12 Machi

Jana nilitembea kweli, hadi mwisho wa barabara. Nikageuka nimwambie mtu kwamba nimefika. Hakukuwa na mtu. Nikarudi.

Leo nimepata wazo. Utepe mkuukuu ukivutwa hurefuka, na namba za kiuno hupungua. Kila fundi aliyewahi kumharibia mtu suruali analijua hilo. Nimeufunga juu ya mlango, chini nikaning'iniza pasi ya mkaa, nikauacha hadi jioni. Nimejipima. Inchi mbili zimekwenda! Bila tone la jasho! Presha nayo lazima imeshuka.

Kwa furaha nikamshonea mwanangu shati lake la kwanza, nikipima kwa utepe huohuo. Limezidi kila upande, mikono inaburuzika. Haidhuru. Tutaikunja. Kila akikua kidogo, nitakuwepo kumkunjulia.