Sota wa Kijiji Wafungwe Kamba

Kitongoji cha Ndivani,
Same Milimani.

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji,

YAH: SOTA WAKO KULA MBOGA ZA MWANANGU

Shikamoo baba. Mimi ni mzima, mtoto ni mzima, kisicho kizima ni kitalu changu cha mboga, na ndicho kilichonikalisha chini kuandika. Mimi ni Rogathe, Mama Veneranda, yule wa nyumba iliyo chini ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mwandiko uuvumilie.

Mheshimiwa, nesi wa kliniki alisema uzito wa Veneranda haupandi. Akaniuliza, "Mama Vene, mtoto anatambaa hivi halafu unampa uji mtupu? Mchanganyie mboga za majani." Nikatii. Nikasia mchicha na sukuma wiki karibu na nyumba, nikazungushia uzio wa masale. Miche ikatoka mizuri, ina masikio mawili mawili kama watoto wa sungura. Nikaanza kuwaza mashavu ya mwanangu. Kisha miche ikaanza kukatwa.

Nilipiga picha nikamtumia Bwana Anderson, afisa ugani wetu, ambaye huku mlimani tunamfahamu zaidi kwa sauti. Akanipigia akiwa Same mjini: "Hao ni sota, dada. Funza wa ardhini, wanakata mche shingoni. Weka majivu, na kila mche uuvishe kipande cha chupa ya maji." Nikafanya vyote. Majivu yakapanguswa. Vipande vya chupa vikang'olewa na kutupwa kando. Na siku hiyohiyo nikamkuta Veneranda ana majivu mdomoni, nikamgombeza kwa kuchezea jikoni. Yaani nilikuwa na matatizo pande zote.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Sheria ndogo ya kijiji inasema mbuzi akila shamba la mtu, mwenye mbuzi ndiye anayewajibika, hata kama alikuwa msibani. Sota wanaishi ardhini. Na ardhi, ulituambia mwenyewe siku mlipomega kipande cha shamba la mama mkwe wangu mjenge ofisi, ni ya kijiji "pamoja na vyote vilivyomo". Tukakupigia makofi. Basi na sota wamo. Ni mifugo ya kijiji, na mchungaji wao ni wewe. Naomba wafungwe kamba kama mbuzi wa watu wengine.

2. Sota hawa hawaji msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Baragumu likilia, sisi wenye watoto mgongoni tunapanda na majembe kuzoa tope la ndiva ili kijiji kipate maji. Wao wanabaki wanakula. Mama mkwe, ambaye magoti yake yanajulikana hadi kanisani, alikosa mara moja tu akasemwa mbele ya watu. Sota hajasemwa hata siku moja.

3. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Bwana Anderson alisema sota hukata usiku. Hawa wangu wanakata mchana, tena si mchana wowote. Ni ile asubuhi ya zamu yangu ya maji, ninapokwenda ndivani kufungulia mfereji na kumwacha mtoto na bibi yake wakiota jua. Nikirudi, miche imelala. Sasa Mheshimiwa, orodha ya zamu za maji imebandikwa ofisini kwako, kwa ndani, na mlango una kufuli. Sota wameisomaje? Simtuhumu mtu. Nasema tu kuna mtu anawasomea.

4. Jirani yangu Mama Devotha naye miche yake ya upande wetu imeanza kuliwa. Alikuja akaiinamia akasema, "Rogathe, huyu sota ana meno. Siku nikimjua mwenye mfugo huu, atanitambua!" Ametaka jina lake liwemo kwenye barua, nami nimeliweka.

5. Bustani yako wewe haijaguswa. Kabichi zako tunaziona tukipita kwenda kanisani, zimejaa kama mito ya kulalia. Nimewaza sana nikaona jibu ni moja tu: hakuna mchungaji anayelisha mifugo kwenye bustani yake mwenyewe.

Kwa hiyo naomba baragumu lipigwe, kijiji kizima kije kuokota sota kitaluni kwangu, na Bwana Anderson awepo kwa mwili. Wakikamatwa wahamishiwe kwenye kabichi zako. Hadi miche ikue, kamati ilinde kitalu kila niendapo ndivani, na uanze wewe ili wengine wajifunze.

Na ombi la mwisho, hili nalisema kwa uchungu: mizani ya kliniki isimamishwe. Si haki mtoto kupimwa wakati chakula chake kinaliwa na wengine. Kama haiwezekani, basi sota wapimwe pamoja naye, tujue uzito wake umekwenda kwa nani.

Sina ugomvi na serikali. Nataka tu baba yake akirudi kutoka kwenye samaki kule bwawa la Nyumba ya Mungu, amkute mtoto ana mashavu.

Msalimie mama. Wasalimie wajumbe wote, hata wale wanaosinzia mkutanoni, na Bwana Anderson mkisikizana hewani.

Ni mimi mwananchi wako mtiifu, mwenye kitalu kilicholiwa,

Rogathe Zephania
(Mama Veneranda)

N.B. Mheshimiwa, kabla sijaituma barua hii zamu yangu ya maji ilifika, nikaikuta ndiva tupu, nikarudi mapema. Mama mkwe alikuwa amelala kwenye mkeka, mdomo wazi. Veneranda hayupo. Alikuwa kitaluni, ameketi katikati ya tuta, kipande cha chupa kichwani, anang'oa, anatafuna, anameza. Yeye ambaye nikimtilia jani moja kwenye uji hulitema hadi ukutani! Na kwenye masale kuna tundu la ukubwa wake, linaelekea kwa Mama Devotha.

Kesho yake nikampeleka kliniki. Mizani imepanda. Nesi akauliza, "Mama Vene, unampa nini siku hizi?" Nikasema mboga za majani. Sikudanganya.

Kwa hiyo namba moja, ile ya mwenye mfugo kuwajibika, naomba uifute kabisa. Namba tano samahani sana, baba. Mizani iendelee. Mama Devotha usimsomee. Naituma hivihivi kwa sababu karatasi ni hii moja, na kwa sababu sasa naomba mbegu za mchicha, kwani huyu sota nataka aendelee kula. Nimeshamfunga mwenyewe, mgongoni, kwa khanga. Hiyo kona ya karatasi iliyopungua si panya.