Maoni Yangu na Kiuno cha Mama Kiongozi

Jumatatu, 3 Machi

Leo redio ya mtaa imetangaza jambo lililonifanya nijidunge sindano. Wanatafuta mwananchi mmoja wa kutoa maoni kila Ijumaa saa nane mchana. Kipindi kitaitwa Dakika Kumi za Mwananchi. Mada ni teknolojia, burudani za siku hizi na mambo yanayoendelea. Anayetaka atume maoni yake kwa maandishi kabla ya Jumatano saa kumi na mbili jioni. Yaliyo bora yatasomwa hewani Ijumaa hii, na mwenyewe anapewa kiti.

Kiti hicho ni changu. Nimezaliwa nacho.

Watu hawajui kwamba nina maoni. Kosa ni la pini. Miaka kumi na tisa nashona nguo za watu, na miaka yote hiyo nimebana pini mdomoni. Mteja anasimama mbele ya kioo, anatoa maoni kuhusu serikali, kuhusu simu, kuhusu mwanamuziki aliyeachana na mkewe. Mimi najibu mm. Anaondoka akidhani nimekubali. Nyumbani pini sina, lakini mke wangu ana tamthilia saa mbili, na saa tatu ana marudio ya tamthilia ile ile. Inauma. Mtu anaweza kufa na maoni yake yote tumboni.

Tatizo ni shemeji. Mdogo wake mke wangu ana kibanda cha fotokopi ng'ambo ya barabara, kinatazamana na duka langu. Kila karatasi inayopita mikononi mwake anaisoma, ukurasa wa kwanza tu, ndiyo maana anajua mwanzo wa kila kitu na hajui mwisho wa chochote. Jioni amevuka barabara kunijulisha kwamba naye anaomba. Nikamtakia kila la heri. Mungu anisamehe.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka alfajiri kuandika. Maoni namba moja: simu zinafanya watu wawe wavivu, siku hizi mtu hata kuandika anaandikiwa. Baada ya hapo kalamu ikagoma. Mke wangu akachungulia, akasema mwandiko wangu unafanana na alama za chaki kwenye kitambaa, redioni watadhani nimewatumia suruali.

Halafu ikaja kazi. Kwaya ya akina mama imeagiza magauni kumi na mawili ya mashindano ya mwisho wa mwezi. Wanakuja kupimwa kesho, siku ile ile ya mwisho wa kutuma maoni! Nimekaa mbele ya cherehani nikajishika kichwa.

Mke wangu huwa hasumbuki na shida zangu, lakini leo kasumbuka. Kachukua simu yangu, kanionyesha alama ndogo ya kipaza sauti. Unabonyeza, unasema, simu inaandika yenyewe. Nikajaribu. Haikukosea hata herufi. Nikasema maajabu. Ikaandika maajabu. Nikaisomea maoni yangu namba moja, ikayaandika bila kinyongo.

Kwa hiyo mpango ni huu: kesho nitapima kwaya kwa mikono na kutoa maoni kwa mdomo. Wanasema mshika mawili moja humponyoka. Aliyesema hivyo hakuwa fundi cherehani.

Shemeji kapata habari kutoka kwa dada yake. Amekuja kusema nimtumie maoni yangu yeye kwanza, atayachapa, atayasoma, kama kuna kosa ataniambia. Nilicheka mpaka bobini ya uzi ikadondoka. Fisi aachiwe bucha? Nikamwambia yangu yataenda redioni moja kwa moja, bila kupita kwa mtu.

Jumatano, 5 Machi

Siku kubwa. Pini zote nimezichomeka kwenye kifuko cha pamba, mdomo ukabaki mtupu. Mwanzoni unajisikia vibaya, kama nyumba iliyohamwa. Simu nimeilaza kwenye rafu, kati ya nyuzi nyeusi na nyuzi nyeupe, kipaza sauti kikiwa wazi.

Akina mama wakaingia mmoja mmoja. Nikapima, nikatoa maoni, nikianza upya na lile la simu. Walidhani nazungumza nao, wengine wakanijibu, nikawapuuza kwa heshima. Nimesema kuhusu nyimbo za siku hizi: neno moja linarudiwa mara arobaini na mwimbaji analilalia. Nimesema kuhusu tamthilia: mtu anazikwa sehemu ya kumi, sehemu ya kumi na tatu anafungua mlango akiwa na sura nyingine, na mkewe hashangai. Nimesema kuhusu barabara yetu: wameweka lami, wiki iliyofuata wakaichimba kupitisha bomba la maji, sawa na fundi anayemaliza suruali ndipo anakumbuka mifuko. Hilo la mwisho lilinitoka lenyewe. Nilijipenda.

Vipimo nimevitaja kwa sauti kama kawaida. Kila fundi ana mazoea yake. Mimi namba nisipoitamka mara mbili haikai kichwani. Natamka, natamka tena, ndipo naandika daftarini.

Wa mwisho alikuwa Mama Kiongozi, anayeiongoza hiyo kwaya. Ni mwalimu mkuu mstaafu. Nusu ya mtaa huu imewahi kusimama mbele yake kujibu hesabu, mimi nikiwemo. Alininong'oneza kwamba namba ya kiuno chake ibaki kati yake, mimi na futi ya kupimia. Nikamwambia mama, mimi ni kaburi. Akatoka. Nikaitamka mara mbili nisiisahau.

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano nimetuma. Sikusoma tena. Yalikuwa marefu mno, halafu mtu anayejiamini hasomi tena.

Alhamisi, 6 Machi

Simu kutoka redioni! Mtangazaji mwenyewe, yule mwenye sauti nzito inayotikisa vikombe. Amesema maoni yangu ndiyo yatakayosomwa kesho. Amesema ofisi nzima imecheka mpaka machozi. Nikashangaa kidogo, kwa sababu la bomba la maji nililikusudia liwe la kusikitisha. Lakini mwenye kipaji hawapangii watu pa kucheka. Akauliza mara mbili kama nina hakika yasomwe yote, bila kupunguza. Nikamwambia asiguse hata nukta.

Mke wangu amesema hilo neno la ofisi nzima kucheka linamtia wasiwasi, nisome nilichotuma. Nikamwambia tamthilia zimemharibu, kila mahali anaona njama. Shemeji naye akavuka barabara kuomba kuona nakala. Macho yake yalikuwa mekundu. Wivu, nikajua. Yeye akasema ni wino wa mashine.

Mpango wa kesho: nimewaita akina mama wote wa kwaya waje saa saba na nusu kuchagua vifungo. Vifungo vingeweza kusubiri wiki mbili. Ila nataka mashahidi. Pia nimeazima spika ya shemeji, ile anayoitia wateja. Kanipa bila maneno, na mimi nikaona ameshakubali kushindwa.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Saa nane kamili duka lilikuwa limejaa. Akina mama kumi na wawili, vifungo mezani, mke wangu mlangoni. Mtangazaji akakohoa, akasoma kwa sauti yake nzito, bila kutabasamu hata kidogo.

"Simu zinafanya watu wawe wavivu. Kifua arobaini, arobaini. Siku hizi mtu hata kuandika anaandikiwa, inua mkono dada. Nyimbo za leo ni neno moja, bega kumi na sita, bega kumi na sita, mwimbaji analilalia. Usibane pumzi, gauni halitadanganyika. Mtu anazikwa sehemu ya kumi, nyonga arobaini na nane, arobaini na nane, na mkewe hashangai."

Simu haikukosea hata neno moja. Ilikuwa imeandika kila nilichosema, na mimi nilikuwa nimesema kila kitu. Akina mama wakaanza kutazamana. Kila mmoja aliitambua namba yake ilipopita, akainama. Mimi nilikuwa nimeinama tangu kifua cha kwanza. Nilitaka kuzima spika, nikakuta sijui kitufe chake ni kipi. Ndipo ikafika.

"Mama Kiongozi, kiuno arobaini na nne, arobaini na nne. Mwaka jana arobaini na moja. Hii kwaya inaimba au inakula? Huyu mama alinipa sifuri ya hesabu, leo namba zake ninazo mimi."

Spika ya shemeji ni nzuri sana. Nimeambiwa ilisikika mpaka sokoni.

Nikatafuta pini nizibane mdomoni. Mama Kiongozi akaniomba simu yangu, kwa adabu kabisa, akapiga redioni. Wakampokea hewani pale pale. Nikasubiri kutukanwa.

Hakunitukana. Alisema kiuno hicho ni chake na hajakiazima kwa mtu. Alisema simu haina kosa, imeandika ilichosikia, teknolojia haikuleta umbea bali imeupa miguu. Alisema wimbo wa neno moja si dhambi, mbona mtoto analala kwa neno moja. Alisema la bomba la maji na mifuko ya suruali ni kweli tupu, hapo fundi kasema. Na kuhusu ile sifuri, akasema nilistahili. Aliongea dakika kumi kamili, hakuna aliyekohoa.

Mtangazaji akamwomba awe anakuja kila Ijumaa. Kiti wakampa yeye. Kwaya ikapiga makofi, na ng'ambo ya barabara shemeji naye akapiga makofi. Niliumia. Nilichotaka ni dakika kumi tu za kusikilizwa, na nimezitoa mwenyewe kwa mtu mwingine, kwa spika ya kuazima. Nikageukia ukutani nikafuta macho kwa kitambaa cha gauni la soprano.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu kaniamsha, kanipa shati lililopigwa pasi, kasema tunakwenda kuomba radhi. Hakuuliza kama nataka.

Mama Kiongozi alitukaribisha sebuleni, akanikalisha kwenye kigoda kifupi. Nadhani alikichagua. Nikaomba radhi, nikataka kuongeza maelezo, mke wangu akanikanyaga. Basi nikasema ukweli mtupu: mama, nilitaka tu watu wanisikilize. Akasema hata darasani nilikuwa hivyo hivyo, jibu nalitoa kabla swali halijaisha.

Kanisamehe. Kwaya itabaki kwangu. Masharti ni mawili. Kwanza nimpime upya, maana Jumatano nilimpima juu ya sweta. Nikampima. Arobaini na mbili. Namba nimeitamka moyoni. Pili, kuanzia leo nikipima mtu simu iwe imezimwa na pini ziwe mdomoni. Nikaapa, mke wangu akiwa shahidi.

Tulipokuwa tunaaga akasema Ijumaa ijayo atalisema tena lile la mifuko ya suruali, na atataja kwamba ni maneno ya fundi wake. Nikasema mm, na pini sikuwa nazo.

Usiku mke wangu kazima tamthilia, kasema haya, nisimulie hayo maoni yako mengine. Kaizima kabisa, siyo kupunguza sauti. Nimeongea dakika ishirini. Sikumbuki mara ya mwisho kufurahi namna hii. Nimejifunza mengi wiki hii.

Jumatatu, 10 Machi

Leo shajara siiandiki, naisema. Mikono ina kazi. Simu iko kwenye rafu, kati ya nyuzi nyeusi na nyuzi nyeupe. Najua nilichoapa, lakini kiapo kilihusu maoni ya Ijumaa. Na pini nimebana, mbili, upande wa kushoto, hazizuii kitu.

Habari kubwa! Redio sasa inatafuta mtu wa maoni ya michezo, dakika tano kila Jumapili. Mwisho wa kutuma ni leo saa kumi na mbili jioni, safari hii kwa simu ya mtangazaji mwenyewe. Michezo ndiyo hasa fani yangu, yale mengine yalikuwa mazoezi. Shemeji naye anaomba. Kasema nimpelekee ayasome kwanza. Hakomi huyu.

Maoni ya michezo, namba moja. Waamuzi wa siku hizi wanaangalia video mpaka mchezaji aliyeanguka anapona. Karibu kaka, ingia. Nani huyu? Kumbe mtangazaji mwenyewe! Kaja kushonewa suruali, hapa kwangu. Mungu akupe nini tena? Simama mbele ya kioo kaka, mikono pembeni. Kwa kumbukumbu zangu tu: sauti yote ile inatoka kwa mtu anayenifika begani.

Namba mbili. Makocha wanabadilishwa kama soksi. Kiuno thelathini na tisa, thelathini na tisa. Hewani anasema hukimbia kila asubuhi. Anakimbilia wapi, jikoni? Hapana kaka, najisemea tu, ni mazoea ya kazi. Geuka. Mguu ishirini na saba, ishirini na saba. Hiyo suruali nitaipunguzia kwenye magoti.

Saa ngapi hapo ukutani, kaka? Kumi na mbili kasoro dakika tano? Ngoja kidogo, kuna kitu nabonyeza mara moja. Hapana, sisomi tena, mtu anayejiamini hasomi tena. Haya, imekwenda. Samahani kaka, hiyo simu yako mfukoni inalia, angalia kwanza, nakusubiri.