Sahani Zangu Hazikuwa na Sumu

Jumatatu, 3 Machi
Daktari kasema moyo umechoka. Wiki moja, labda mbili. Basi nitubu! Miaka arobaini na moja iliyopita, mimi na mke wangu (wakati huo hatujaoana, tunashindana katika maabara moja) tulipewa swali: seli za panya zikitiwa kemikali inayoharibu DNA, je, huongeza vimeng'enya, zile protini za kuikarabati? Zake ziliongeza. Zangu, wapi! Mkuu wetu akaniamini mimi. Yeye akaambiwa hajui kupima. Akaacha utafiti, akaenda kufundisha shule. Ukweli ni kwamba niliiogopa ile kemikali. Sahani zangu za seli nilizitia maji ya chumvi tu.

Jumanne, 4 Machi
Mpango: kuungama kwa mke wangu akiwa usingizini. Kasinzia kitini baada ya chakula cha mchana, nikanong'ona yote, kwa ufasaha mkubwa. Akasema, macho kafumba, nimeze dawa ninyamaze. Hakusikia kitu! Hata hivyo najihesabia nusu ya toba.

Jumatano, 5 Machi
Mpango bora: barua, aisome nikishazikwa. Nimeificha ndani ya kamusi, hakuna anayeigusa. Saa kumi akaja mume wa binti yetu, hodari wa kila jambo, akaazima kamusi. Akaiona barua. Akampelekea mke wangu, tena mbio! Huyu mkwe nilimtilia shaka tangu siku ya posa.

Alhamisi, 6 Machi
Hasemi nami. Asubuhi kaninyoa ndevu kwa wembe. Sijapata kutulia hivyo maishani. Alipofika kidevuni akauliza nilitia kiasi gani. Nikasema kiasi kilekile alichotia yeye, ila maji. Akaketi kitandani, akalia. Akasema miaka yote alidhani mikono yake ndiyo mibovu; hata dawa ya kikohozi ya watoto aliipima mara tatu. Nikamshika mkono, bado una povu.

Ijumaa, 7 Machi
Ananiita Mzee wa Maji ya Chumvi! Kaniegemeza kwenye mito, tumeliandikia jarida la sayansi lililochapisha uongo wangu. Mimi nasema, yeye anaandika: seli zilizoumizwa zilijiongezea vimeng'enya, vipimo vyake vilikuwa sahihi. Kanifuta machozi kwa kanga yake. Barua nzuri mno. Kasoro moja tu, jina lake limetangulia. Kaenda kuchemsha chai, kaacha kalamu. Juu ya jina lake palikuwa na nafasi. Nimejaza langu.