Kilo Nane Kamili

Jumatatu, 3 Juni

Nimejiandikisha! Kilomita mia mbili na themanini kwa baiskeli, siku mbili, kila mtu na mzigo wake: hema, nguo, chakula, vifaa. Hakuna gari la kutufuata nyuma. Tunaondoka Jumamosi ya tarehe 15 na kurudi Jumapili kabla ya saa kumi na moja jioni. Atakayechelewa hata dakika moja hana medali. Mwenyekiti wa chama cha waendesha baiskeli, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi tunayemwita Mama Misumari, alinitazama tumbo kwanza ndipo akaandika jina. Nikajitia hamnazo.

Mke wangu aliipokea habari akiwa kwenye cherehani. Hakuinua kichwa. Akaanza kuhesabu kwa sauti miradi yangu iliyokufa: sungura, uyoga, ile mashine ya kutotoa vifaranga iliyotaka kuunguza nyumba. Halafu akatoa hukumu. Nikimaliza kwa wakati, baiskeli ni yangu na hatanisema tena. Nikishindwa, inakwenda kwa mdogo wake, muuguzi wa kliniki, anayekwenda kazini kwa miguu saa nzima na kurudi saa nzima.

Nikakubali papo hapo. Nitashindwaje? Baiskeli ina gia ishirini na moja. Mimi nabeba mapaja ya ng'ombe begani kila asubuhi. Na naipenda ile baiskeli, nisiseme uongo. Niliinunua mtumba, nikaipaka rangi ya kijani mara tatu, na nikiwa peke yangu dukani huwa naisalimia.

Jumatano, 5 Juni

Gramu kapita. Huyu ni jirani yangu, mwalimu wa hesabu, na jina hilo tumempa kwa kuwa anapima kila kitu. Amekata mpini wa mswaki wake. Ametoboa kijiko matundu manane. Amenyofoa vitambulisho vyote vya nguo hadi hajui tena shati lipi ni la saizi gani. Hali nyama, kwa hiyo tangu nimjue hajaniletea faida yoyote.

Alisimama mlangoni, akaniambia kwamba sheria mwaka huu ni kali: mzigo usizidi kilo nane, unapimwa hadharani asubuhi ya safari, na ukizidi huondoki. Akasema punguza chochote, hata nguo, ila vifaa vya kutengenezea baiskeli viwe vya mwisho kutoka. Nikamuuliza nani kamwomba ushauri. Akasema hakuna, akaenda zake.

Ana medali tatu. Anazitundika sebuleni juu ya televisheni, ukienda kumpa pole ya msiba lazima uzione.

Ijumaa, 7 Juni

Siku tukufu! Mke wangu kanishonea mikoba mitatu ya turubai: mmoja wa kwenye usukani, mmoja wa katikati ya fremu, mmoja mrefu wa nyuma ya tandiko. Alinung'unika tangu pindo la kwanza hadi la mwisho, lakini mshono ni wa mara mbili na kamba zimenyooka. Hajui kufanya kazi mbovu hata kwa jambo analolichukia.

Nikapakia. Hema, blanketi, jiko dogo, sufuria mbili, redio, kiti cha kukunja, kisu changu cha kazi, na viatu vyangu vya ngozi na shati jeupe la kupigia picha na medali. Nikapanda. Gurudumu la mbele likanyanyuka kama punda aliyekataa kazi, nikatua kwenye ndoo ya jirani wa upande wa pili. Ndoo imepasuka. Jirani kasema maneno ambayo sitayaandika humu.

Kosa si langu. Nimeweka uzito mwingi nyuma. Ni suala la kupanga tu.

Jumapili, 9 Juni

Leo duka limefungwa, nikapata nafasi ya kupima mzigo kisayansi. Gramu anatumia kijimizani cha jikoni. Mimi nina mizani ya kazi, ya chuma, ninayofanyia biashara kwa miaka kumi na moja! Kweli, mwaka ule wa kwanza mambo yalipokuwa magumu niliikaza kidogo skrubu moja ya nyuma ili imwonee huruma mwenye duka. Hilo si jambo la kuandika. Sijui hata kwa nini nimeliandika.

Kilo kumi na tatu na nusu. Balaa! Nikatoa kiti, redio, sufuria moja na kisu. Nilipotoa redio nilihisi kama namfukuza ndugu.

Jumanne, 11 Juni

Kilo kumi. Nimeamka na wazo la ajabu, sijui kwa nini Gramu na hesabu zake zote hajaliona. Kinachopimwa ni mzigo. Aliyevaa hapimwi! Nikavaa suruali tatu, mashati manne na blanketi nililolikunja tumboni chini ya koti. Nikaenda kujaribu barabara ya kiwandani saa saba mchana. Nilipofika kwenye kituo cha mafuta nilikuwa naona vitu viwili viwili. Muuza mafuta alinimwagia maji ya kuoshea vioo vya magari, Mungu amzidishie.

Jioni Mama Misumari akapitisha tangazo: atakayeonekana amevimba kuliko kawaida atavuliwa na nguo zitapimwa. Nani kanisemea? Shemeji yangu muuguzi alikuwepo pale kituoni. Huyo anaitaka baiskeli yangu. Jana alikuja eti kusalimia, akaikagua breki.

Alhamisi, 13 Juni

Kilo tisa na robo. Zimebaki siku mbili. Nimekaa sakafuni mwa duka na mzigo wote umetapakaa mbele yangu. Nikiangalia kila kitu nasikia kinanilalamikia.

Hema sitoi, nitalala wapi? Chakula sitoi. Viatu vya ngozi sitoi, maana picha ile itatundikwa mahali pa kuonekana, na mtu hapigwi picha ya maisha akiwa na ndala. Basi nikatazama fungu la vifaa: pampu, tyubu mbili za akiba, viraka na gundi, spana, koti la mvua. Matairi yangu ni mapya. Mvua hakuna. Nikavitoa vyote.

Mshale ukashuka taratibu, ukatetemeka, ukasimama. Kilo nane kamili! Nilipiga kelele hadi mke wangu akaja mbio na mkasi mkononi akidhani nimejikata. Nikamwonyesha mshale. Akauliza pampu iko wapi. Nikamwambia mambo ya uzito ayaachie watu wa mizani.

Jumamosi, 15 Juni. Jioni, kambini

Naandika nikiwa nje ya hema. Kilomita mia na arobaini zimekwisha na miguu naisikia ya mtu mwingine. Lakini niandike ya asubuhi, yamenikaa kooni.

Watu walikuwa wamejaa uwanjani. Nusu yao ni wateja wangu. Mpimaji alikuwa nani? Shemeji! Kaja na mizani ya kliniki, ile ya kuning'iniza watoto wachanga, imekaguliwa na ina muhuri. Mikoba yangu ikawekwa kwenye kile kikapu cha kitambaa. Akasoma kwa sauti: kilo sita na gramu mia nane.

Mtu mwenye akili angeshukuru na kunyamaza. Mimi nilikasirika. Niliona ananipunja sifa! Nikasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba mizani yake ni ya kupimia watoto, ndiyo maana haijui vitu vizito. Nikasema mzigo huu nimeupima mimi mwenyewe juzi, dukani kwangu, juu ya mizani ile ile ninayowapimia nyama wote hawa, na ni kilo nane kamili, hata gramu haipungui.

Shemeji akachukua paketi ya sukari ya kilo moja ambayo haijafunguliwa, akaipima. Kilo moja. Gramu akatazama juu kidogo, midomo ikicheza, halafu akasema, kwa upole kabisa kama anasahihisha daftari, kwamba basi katika kila kilo ninayouza, gramu mia moja na hamsini zinabaki dukani. Bibi mmoja anayenunua kwangu tangu nifungue duka akaanza kuhesabu miaka kwa vidole. Mke wangu alikuwa kando ya Mama Misumari na kikapu cha kifungua kinywa changu. Sikuweza kumwangalia.

Ndipo nikaelewa mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, siri yangu nimeimwaga mwenyewe. La pili, nilikuwa na nafasi ya kilo nzima na ushei, na pampu iko nyumbani!

Filimbi ikalia. Sijawahi kuondoka mahali kwa kasi namna ile. Kilomita ishirini za kwanza nilikuwa wa mbele ya wote, hata vijana wenye baiskeli za maelfu walikuwa nyuma yangu, na mwandishi mmoja wa habari akauliza yule ni nani. Aibu ni gia ya ishirini na mbili.

Njia nzuri, upepo mzuri. Kesho namaliza! Baiskeli inabaki! Mengine tutazungumza baada ya medali.

Jumapili, 16 Juni

Kilomita ya mia na tisini, msumari. Tairi la nyuma likatoa pumzi yote mara moja. Nikasimama kando ya barabara nikiwa na viatu vya ngozi vinavyong'aa na shati jeupe, bila pampu. Wakapita kumi na saba, nimewahesabu. Wengine walipunga mkono. Mmoja aliuliza hiyo pancha ni ya kilo nzima au imepungua.

Wa kumi na nane alikuwa Gramu. Akashuka. Sikumwomba, kinywa changu kilikuwa kikavu kwa kiburi. Akatoa tyubu yake ya akiba, pampu yake fupi kama kalamu, akaanza kazi. Pampu yenyewe ni ndogo mno, ilitaka mipigo mia tatu, na alihesabu yote. Wakati anapiga akaniambia jambo moja tu. Mama yake mzazi ananunua kwangu nusu kilo kila Jumamosi, na huwa anasema nyama siku hizi haishibishi, anadhani ni uzee.

Nikalishika gurudumu lisicheze.

Kilomita kumi na tano mbele, pancha ya pili. Nikamwambia aende, muda wake bado unatosha, medali ya nne inamsubiri. Akasema akiniacha atakuwa na medali na mawazo, na mawazo ni mazito. Tukabandika kiraka, gundi ikakataa, tukabandika tena. Nikalia. Nilimwambia ni vumbi. Akanipa kitambaa alichokikata nusu ili kiwe chepesi.

Tulifika pamoja saa kumi na moja na dakika kumi na nne. Mama Misumari alikuwa anakunja meza. Alimtazama Gramu kwa masikitiko, mimi akanitazama vinginevyo.

Mke wangu alikuwepo. Ana bisibisi mkononi. Jana hiyo hiyo yeye na mdogo wake walipeleka mizani ya kliniki dukani, wakaifungua yangu, wakairudisha ilipotakiwa kuwa. Akanieleza kwa sauti ya chini, na sauti yake ya chini ndiyo mbaya, kwamba miaka kumi na moja amekuwa akiwashonea nguo watu ambao mumewe anawaibia. Mwezi mzima kila mteja ataongezewa nyama juu ya kilo yake, na yeye mwenyewe atasimama pale kupima. Baiskeli hakuitaja. Haikuwa na haja.

Jumatatu, 17 Juni

Shemeji kaja asubuhi kuichukua. Alikuwa na adabu, hilo nalo liliniuma. Nikamwonyesha gia ya saba inavyoruka na namna ya kuibembeleza. Akaipanda, akapiga kengele, akapinda kona. Nilibaki mlangoni na kitambaa cha kufutia cheni.

Dukani palikuwa na foleni ndefu kuliko sikukuu. Mke wangu anapima, mimi nakata. Bibi yule kachukua kilo yake na nyongeza, akaniambia kijana wangu, Mungu anakuona, na mimi pia sasa nakuona.

Nimekoma. Naandika hapa ili nisisahau. Nimekoma kabisa!

Ijumaa, 21 Juni

Ajabu ya maajabu! Leo nimepita kwa muuza vyuma chakavu kumpelekea nyongeza yake ya nyama, na nyuma ya mafriji mabovu nimeona nini? Baiskeli ya watu wawili! Matandiko mawili, pedali jozi mbili, fremu ndefu kama benchi. Mguu mmoja wa pedali haupo, lakini hilo ni dogo.

Nimekaa mchana kutwa nafikiri, na sasa naona kila kitu wazi. Nilishindwa kwa nini? Kwa sababu nilikuwa peke yangu! Mwezi wa nane kuna safari ya kilomita mia tano, ina kundi la baiskeli za watu wawili, na waliojiandikisha kwenye kundi hilo ni sifuri. Tukimaliza tu, sisi ni washindi! Muuza vyuma kaniwekea. Mke wangu nitamweleza akishakuwa na siku nzuri. Rangi nitapaka ya kijani.

Fomu nimeipeleka kwa Mama Misumari jioni hii, mbio, kabla hajafunga. Inataka sahihi za wote wawili. Gramu bado sijamwambia, yuko kwenye mitihani, sikutaka kumsumbua mtu aliyenitendea wema mkubwa vile. Nimemwekea sahihi mwenyewe, na nimeiiga vizuri sana.