Sardinia Bila Wubbo

Jumatatu, 3 Februari
Imeamuliwa: kiangazi hiki, Sardinia! Mke wangu, Hilje, anataka fukwe, milima ya kutembea na ngoma za wenyeji. Mimi nataka jambo moja tu: Wubbo asije. Ni jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Kila mwaka, popote tupigapo hema, kunakucha karavani lake, kijumba cha kukokotwa na gari, liko ubavuni petu, naye mlangoni anapiga kodiani. Safari hii ni siri. Nimebandika ramani kubwa ukutani sebuleni, na kambi yetu nimeizungushia wino mwekundu.

Jumatano, 5 Februari
Balaa! Wubbo amenishika bega kwenye duka la mikate. Eti, ndugu yangu, Sardinia mmechagua pazuri, ila kivuli kipo? Hilje ameniuliza kama nimesahau kwamba hapa mjini Winschoten hakuna afungaye mapazia, na kwamba sebule yetu huonekana toka barabarani kama duka. Nimeyafunga. Vumbi lake!

Alhamisi, 6 Februari
Mtaani kwetu mapazia hufungwa kukiwa na maiti tu. Kabla ya adhuhuri jirani mwingine, Bibi Trijntje, amefika na sufuria ya supu ya njegere, akampa Hilje pole ya ujane na kuuliza kama marehemu aliteseka. Nikatokea na kijiko. Bibi amekasirika sana. Supu, hata hivyo, ameiacha. Hilje amesema, mzee, fungua mapazia hayo au ufe kweli.

Ijumaa, 7 Februari
Mbinu mpya. Ramani ya Norwe, kubwa kuliko ile! Jioni nzima nimesimama mbele yake, kofia ya manyoya kichwani, nikionyesha barafu kwa fimbo. Ng'ambo, Wubbo ameshika darubini.

Jumapili, 9 Februari
Ushindi! Wubbo amekuja kunywa kahawa. Amekodi kibanda Norwe, Julai yote, na hawezi kughairi. Amenicheka: mlaghai wewe, ulidhani utanipumbaza na Sardinia! Nimeinamisha kichwa kama mwizi aliyekamatwa. Alipotoka, nimecheza na Hilje jikoni. Mzigo ulioje umenitoka!

Jumatatu, 10 Februari
Nimelala usingizi wa pono. Kwa furaha nimeanza kupanga ya mwakani: Ugiriki! Ramani nimeibandika palepale, kambi nimeizungushia wino mwekundu, mapazia wazi, maana gizani sisomi. Wubbo amesimama dirishani kwake, kalamu mkononi. Nimempungia mkono. Maskini, hajui lolote.