Malalamiko Kuhusu Kunyimwa Upweke katika Dungu la Tatu

Dungu la Tatu,
Kambi ya Wageni ya Kijiji cha Mkandaani,
Maparoni, Wilaya ya Rufiji.
Juni, 1996

Kwa Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Kambi, Bwana Nassibu,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta salama, ingawa najua itakukuta chini ya dungu langu, kibanda hiki cha juu ya nguzo, maana tangu asubuhi unashona wavu hapo na kila nikikohoa unauliza kama nataka chai. Naandika kwa sababu jambo lenyewe ni zito, na mimi nikisema kwa mdomo, maneno ya wenzangu huyafunika yangu.

Jana ulituomba wageni tuandike yanayotukera, yasomwe kwenye mkutano wa kijiji Jumamosi. Mkutano huo utaamua kama kambi ibaki mikononi mwa kijiji au apewe mwekezaji aliyekuja kutoka Dar es Salaam. Yeye amesema wageni hawapendi kusumbuliwa, na ameahidi uzio, jenereta na utulivu. Kwa kuwa wageni wote wa kambi kwa sasa ni mimi, nimeona wajibu umeniangukia. Kero zangu ni hizi:

1. Tangazo lenu nililolisoma Utete linasema, "Njoo ukae peke yako na mikoko." Nilikuja kwa ajili ya maneno mawili, "peke yako". Tangu shirika letu lilipouzwa, ofisini kwetu kila mtu anaongea na hakuna anayejua nani atapunguzwa. Mimi ni mtu ninayehitaji kusikia mawazo yangu. Lakini siku niliyofika, kabla jua halijazama, mzee wenu Bi Sijaona alipanda ngazi akiwa na mkeka, mto na kuku mmoja. Nilimweleza kwa heshima kwamba dungu hili nimelikodi mtu mmoja. Akasema, "Ndiyo maana nimekuja, mwanangu." Nikamwambia nimezoea kulala peke yangu. Akauliza, "Ukiota vibaya, unamsimulia nani?" Nina shahada, Ndugu Mwenyekiti, lakini nilijikuta nikimsaidia kutandika mkeka. Kuku naye ametaga kwenye kofia yangu, nami nimelazimika kukaa juani bila kofia ili nisimkatishe.

2. Nilifanya kosa la kutaja kwamba baba yangu ni Mndengereko wa Kibiti. Wali haujaiva, Bi Sijaona alikuwa ameshawahesabu mabibi zangu wote mpaka akampata mmoja aliyezikwa hapa Mkandaani. Tangu hapo nimevuliwa ugeni. Yeye ananiita mke mwenzangu, na mumewe, Babu Husseini anayevusha wageni kwa mtumbwi, ananiita mke wangu. Wanagombana juu yangu bandarini mbele za watu. Bibi anasema, "Husseini, mkeo mdogo hajui hata kukuna nazi, umeoa nini?" Babu anajibu, "Nimeoa shahada. Nazi ukune wewe." Mgeni anaweza kukataa sahani ya pili ya kamba. Mke mwenza hawezi, ataambiwa ana wivu. Nguo zangu zimeanza kunibana, na naomba kamati initambue kwa maandishi kuwa si mke wa mtu.

3. Hii ndiyo kero kubwa. Tangazo linasema chumba kiko juu ya nguzo, kinatazama mashamba ya mpunga. Halikusema kwamba mpunga ukianza kuiva, yeyote aliyekaa kwenye dungu lazima aamie ndege, yaani awafukuze wasile mpunga. Kwenu jambo hili linajulikana kiasi kwamba hakuna aliyeona haja ya kunieleza. Mimi nilikaa na kitabu. Ndege wakashuka, wengi, wazuri, wote wakigeuka kwa pamoja, nami nikasogeza kiti ili niwaone vizuri. Kutoka dungu la pili nikasikia sauti ya Swaumu, ambaye shamba lake linaanzia chini ya ngazi yangu: "Wewe wa Dungu la Tatu, unawakaribisha?" Nilimjibu polepole kwamba niko likizo. Akasema, "Basi waambie na wao waende likizo, dada."

Niliona aibu. Nikashika kombeo na mabonge ya udongo. Mimi, ambaye shuleni niliambiwa kila muhula niongeze sauti, ambaye kwenye mkutano wa wafanyakazi nilikuwa na swali la maana nikalikunja mfukoni hadi mkutano ukaisha, sasa napiga kelele tangu alfajiri mpaka koo linakauka. Nikiita, Swaumu anapokea, na wa mbele yake anapokea, hadi sauti inapotelea mikokoni. Madhara yake ni makubwa. Juzi ulipita mchana mzima sikujifikiria hata kidogo.

4. Kutokana na hayo, napendekeza kambi apewe mwekezaji mara moja na uzio ujengwe. Lakini uzio hauzuii sauti, kwa hiyo Bi Sijaona ahamishiwe mahali ambapo hawezi kusikika, nami nakadiria ni Utete. Uzio hauzuii ndege pia, na ndege wanafuata mpunga, kwa hiyo mpunga ulimwe Ngarambe, ambako tembo watawasaidia ndege kuumaliza. Mpunga ukiondoka, wenye mpunga hawana sababu ya kubaki. Kijiji kihamie ng'ambo ya mto, ambako mgeni ataweza kukitazama na kukipiga picha bila kuitwa mke wa mtu. Hapo tangazo litakuwa kweli. Mgeni atakaa juu ya dungu lisilolinda chochote, na akiota vibaya atalisimulia jenereta.

Nakuachia suala hili nikiwa na imani na kamati yako. Nisalimie Babu Husseini, mume wetu. Nisalimie Swaumu na wote wa madungu ya mbele ambao nawajua kwa sauti tu. Bi Sijaona nitamsalimia mwenyewe, yuko hapa ananiegemea. Kuku hajambo.

Mimi mgeni wako,
Mwanahalima Saadi

Nyongeza: Bi Sijaona amenitaka nimsomee barua. Aliposikia habari za Utete alicheka mpaka akashika ubavu. Nilipofika pale uzio usipozuia ndege, akauliza, "Wakishafunga hapa, wakataka kimya chao, mpunga wa Swaumu atauamia nani?" Nimesimama nikatazama vigingi vya uzio alivyochomeka mwekezaji. Pembe ile ya shamba la Swaumu haionekani kutoka dungu jingine lolote. Huo utulivu anaouuza ni chakula cha Swaumu cha mwaka mzima.

Kwa hiyo naomba barua hii isisomwe. Badala yake uniandike mimi katika wasemaji wa Jumamosi. Likizo yangu inaisha Ijumaa na ofisini huenda wakaniweka wa kwanza kwenye orodha ya wanaopunguzwa, lakini nimeshamwambia Babu asinivushe. Kipaza sauti msihangaike kukitafuta. Swali la wafanyakazi lilibaki mfukoni, hili halikunjwi.

Naishia hapa, ndege wanashuka upande wa Swaumu.