Jicho la Ukungu na Ng'ombe wa Kirolirwe

Alhamisi, 3 Juni

Wewe uliyelifungua daftari hili, lifunge. Kama huwezi, basi nakusihi kwa jina la mama yako: usimsimulie mtu, wala mkeo, wala padri. Neno moja likitoka humu, kazi yangu imekwisha.

Mimi ni karani. Jina langu Élysée. (Kosa la kwanza! Nimelikata kwa wino. Bado linasomeka.) Nafanya kazi Masisi, katika ofisi ndogo ya serikali yenye watu wawili: mkuu wangu, Papa Esdras, na mimi. Mchana, Papa Esdras anapokwenda kwake kula bugali, mimi si karani tena. Mimi ni Jicho la Ukungu, mwenye tovuti ya Sauti ya Vilima.

Tovuti hiyo ni ya washabiki wa mchezo unaoitwa Vita vya Vilima. Unachezwa kwa barua. Kila mchezaji ni mwami, yaani chifu, wa mahali anapoishi. Anaandika amri zake kwenye karatasi: ng'ombe waende wapi, mashujaa wakae wapi, nani awe rafiki, nani asalitiwe. Karatasi inapanda pikipiki mpaka Goma kwa mzee mmoja mstaafu, naye analinganisha amri za wote na kurudisha majibu. Hakuna damu, hakuna haraka. Mimi sichezi. Naogopa kushindwa. Nachapisha ramani, matokeo na uvumi.

Lakini kuna Hubert wa Bweremana. Yeye anacheza, tena na yeye ana tovuti! Ina picha za ziwa, za rangi. Leo ameandika kwamba tovuti yangu ni kaburi lililofagiliwa vizuri: safi, halina wageni. Halafu akajigamba kwamba Alhamisi ijayo ataivamia Kirolirwe na kuchukua ng'ombe wote.

Kaburi! Tutaona.

Niwe mwangalifu tu. Papa Esdras alishasema, bila mtu kumuuliza, kwamba karani atakayekutwa akichezea mtandao wa serikali atapelekwa msituni Walikale, akawaandikie sokwe vyeti vya kuzaliwa.

Ijumaa, 4 Juni

Mpango!

Mwami wa Kirolirwe ni Olga, mwalimu wa shule ya msingi. Kwao mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo hajui Hubert amejigamba nini. Nitamwonya kwa barua. Ataokoa ng'ombe wake wa karatasi, Hubert atapiga hewa, nami nitakuwa wa kwanza kuichapisha aibu yake.

Nimeandika kwa mashine ya kuchapa ya ofisi. Namna nyingine ya kuandika siijui, ndivyo nilivyofundishwa: "Yahusu: Kuvushwa kwa ng'ombe. Mheshimiwa Mwami, nina heshima kukuarifu kwamba adui anatoka upande wa ziwa. Unaombwa kuvusha ng'ombe wote ng'ambo ya mto kabla ya Alhamisi. Watakaobaki watahesabiwa kuwa wamepotea. Usimwambie mtu yeyote. Pokea, Mheshimiwa Mwami, hisia zangu za unyenyekevu uliotukuka."

Tahadhari zote nimechukua. Mchezo sikuutaja, barua isije ikafunguliwa njiani ikanifichua. Jina la Olga sikuliandika, nimeandika "Kwa Mwami wa Kirolirwe" basi. Karatasi mpya sikuigusa, kwa kuwa Papa Esdras anazijua kama watoto wake. Nimetumia mgongo wa karatasi iliyoharibika.

Nimempa Plamedi, dereva wa pikipiki. Akauliza ni ya nani. Nikamwambia asome juu. Akasema sawa, kaka, itafika.

Jumapili, 6 Juni

Plamedi amerudi. Barua imefika! Nikamuuliza kama Olga amefurahi.

Olga gani?

Alitafuta mwami Kirolirwe nzima. Wakamcheka, wakamwambia hapa mwami hakuna, mwami iko mbali. Basi akafanya kama wote wanavyofanya barua ikikosa mwenyewe: akamwachia katekista. Akanipiga bega. "Usiogope, kaka. Katekista njo posta yetu."

Nilikaa chini. Kila Mkristo wa milima hii anajua mwisho wa barua za namna hiyo. Baada ya komunyo, kabla ya baraka, katekista anasimama na matangazo: ndoa, mbuzi aliyepotea, siku ya kazi ya pamoja ya salongo, na barua isiyo na mwenyewe. Anaisoma kwa sauti, mpaka mwenyewe ainue mkono.

Nikatazama saa. Misa ya Kirolirwe ilikuwa imekwisha.

"Usimwambie mtu yeyote." Na hiyo ameisoma!

Jumatatu, 7 Juni

Asubuhi simu ya Papa Esdras imelia. Aliinuka. Akakaa. Akasema ati nini? Ng'ombe wa nani? Wote?

Kirolirwe imevuka mto. Ng'ombe, mbuzi, masufuria, magodoro, wazee mgongoni. Watu wa huku hawangoji kuambiwa neno "adui" mara mbili. Wameshaambiwa vya kutosha. Jambo hilo nalijua. Nilipokuwa naandika sikulifikiria hata kidogo. Nilikuwa nafikiria picha za ziwa za Hubert.

Papa Esdras amesema kuna mshenzi ameandika amri ya uongo. Akaniambia nichukue kalamu: mimi ndiye nitakayefanya uchunguzi. Nikauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mshenzi huyo atapata adhabu kubwa. Akasema inategemea nani anampata. Askari wakimpata, ni gereza. Yeye akimpata kwanza, ni mambo ya ofisi.

Nimeanza uchunguzi mara moja. Nimejihoji. Nimekana.

Jumanne, 8 Juni

Mpango wa pili: Hubert!

Nimeandika kwenye tovuti kwamba watu wa kuaminika wanauona mkono wa Bweremana katika barua ile. Sijamaliza hata chai yangu, Hubert amejibu kwenye yake. Anasema ameshasimuliwa barua hiyo neno kwa neno. Yeye ni mtu wa samaki na dagaa wa sambaza, hajawahi kuwa na unyenyekevu uliotukuka hata siku moja.

Lakini nilipotazama wasomaji wangu, nilishika meza. Wamejaa! Masisi yote inatafuta habari za ng'ombe, na habari ziko kwangu. Hubert amebaki na ziwa lake. Kwa muda mfupi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika milima hii. Nikajikemea. Nikatazama tena.

Kisha Olga akapiga simu. Amepanda kilima kuutafuta mtandao. Hakunisalimu. Alikuwa kanisani, benchi la pili, na alinijua palepale kwenye "Yahusu". Nikamwambia hawezi kunijua, mimi ni Jicho la Ukungu. Akasema Jicho la nani? Wachezaji wote wanajua ni karani wa Masisi.

Aliinua mkono kanisani kusema ni mchezo. Wakamwambia mwalimu akae, mchezo gani unavusha ng'ombe? Sasa watoto wa darasa lake wanalala kwenye majani ng'ambo ya mto, na mvua imeanza. "Njoo uwaambie mwenyewe, Jicho. Ao macho yako iko ya kutazama tu?"

Nikasema siwezi kutoka, niko katika uchunguzi. Akakata.

Nimeshindwa kula.

Jumatano, 9 Juni

Katekista mwenyewe, Papa Pierre, ameileta barua ofisini. Nilikuwa tayari. Mpango wa tatu: chai. Kikombe kingeteleza, karatasi ingelowa, wino ungetoweka.

Kikombe kimeteleza. Karatasi mkuu wangu alikuwa ameshaiinua juu. Suruali ya Papa Esdras imepokea yote.

Hakupiga kelele. Ndilo lililonitisha. Alisoma mpaka mstari wa mwisho, akanitazama juu ya miwani, akasema katika nchi hii kuna mtu mmoja tu anayeweza kuwaandikia ng'ombe kwa heshima namna hii. Kisha akaigeuza. Nyuma, kichwa cha barua cha ofisi yetu. Ofisi ya watu wawili.

"Mimi sikuandika," akasema Papa Esdras. "Tuendelee na uchunguzi?"

Papa Pierre akakohoa. Yeye hakuja kushitaki. Watu wanataka kujua jambo moja tu: adui anakuja ao hakuji? Hawatarudi mpaka aliyeandika aje aseme kwa mdomo wake. Nikasema naweza kuandika barua ya pili, ya kubatilisha. Papa Pierre akashika kichwa. Akasema, mwanangu, ukiandika tena watavuka na mto unaofuata.

Nitaenda kesho. Papa Esdras ameniambia nikikutana na askari njiani, yeye hanijui.

Kesho ni Alhamisi. Ile Alhamisi.

Alhamisi, 10 Juni

Nimerudi, nimelowa mpaka kiunoni.

Walikuwa wote kando ya mto, wamelowa, wananitazama. Nikasimama juu ya jiwe. Nilikuwa nimeandika tangazo kwa kujificha. "Yahusu: Kubatilishwa kwa kuvushwa." Nikalisoma lote. Hakuna aliyetikisika.

Bibi mmoja mwenye fimbo akasogea. Anaitwa Mukankusi, nusu ya ng'ombe wale ni wake. Akanitazama kutoka viatu mpaka nywele.

"Mutoto, weye njo adui?"

Nikasema hapana, Mama.

"Sasa adui iko wapi?"

Nikasema hakuna, Mama. Ni mchezo. Wa barua.

"Nani anashinda?"

Nikasema bado hatujajua. Nikasikia kicheko kimoja tu, cha Olga, na hakikuwa kizuri.

Basi nikaitia ile karatasi mfukoni, nikasema kwa maneno ya nyumbani kwamba niliandika upumbavu, kwamba hakuna mtu anayekuja, kwamba nisameheni. Mukankusi akaunyooshea mto fimbo yake. Kama adui haiko, akasema, tangulia mbele. Wote wakapokea: ndiyo, atangulie! Kama kuna kitu njiani, kimukute yeye wa kwanza. Wakanipa kamba ya fahali mwenye pembe ndefu. Tukavuka, maji kiunoni, mimi mbele, nyuma yangu Kirolirwe nzima.

Nilijua hakuna adui. Nilimtunga mimi! Lakini katika kila kona miguu ilikuwa ikiniuliza: una hakika?

Kona ya mwisho, watu wawili wenye bunduki wakatoka kwenye mahindi.

Askari. Wakasimamisha msafara. Mmoja akauliza ni nani anaongoza ng'ombe wote hawa, na kwa amri ya nani. Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Nililiona gereza, nikaliona hata blanketi lake. Fahali akanipumulia shingoni.

"Ni muchungaji wetu mupya," akasema Mukankusi kutoka nyuma. "Kazi haijui, mudomo hana, lakini anatembea. Mutuachie njia, ng'ombe ziko na kiu."

Askari wakaangalia viatu vyangu vya ofisi. Wakacheka. Wakatupisha.

Kijijini nilimshukuru karibu nipige magoti. Akasema si kwa ajili yangu. Askari wakianza maswali, ng'ombe hazifiki nyumbani siku hiyo.

Jumatatu, 14 Juni

Mambo ya ofisi, basi. Papa Esdras ameamua. Barua ya uhamisho ameniambia niiandike mwenyewe, kwa kuwa naandika vizuri. "Yahusu: Kuhamishwa kwa karani." Kibua, Walikale. Nimeuweka unyenyekevu uliotukuka mahali pake. Amesahihisha nukta moja tu.

Jumamosi, 26 Juni, Kibua

Nimewaza sana na nimejifunza. Kosa lilikuwa kanisa. Barua zisipite kanisani kamwe!

Hapa mtandao hakuna kabisa. Nimepanda miti miwili. Hakuna. Olga ameniandikia kwamba Hubert anajitangaza kuwa sasa ndiye mwenye tovuti pekee. Pekee! Na wasomaji wangu wote wale, nani atawalisha?

Mpango!

Sauti ya Vilima itasafiri kwa barua. Nimechora ukurasa wa kwanza kwa mkono, na ziwa nimelipaka rangi ya buluu. Pale ambapo msomaji angebonyeza, nimeandika: "Ukitaka kuona zaidi, niandikie, nitakutumia ukurasa wa pili." Papa Esdras hawezi kusema kitu, sitagusa mtandao wa mtu.

Tena kuna jambo kubwa zaidi. Nimeingia mchezoni! Mwami wa Kibua ni mimi. Nimetembea kijiji chote nikipima njia kwa hatua, na amri yangu ya kwanza iko tayari. Natafuta mshirika mmoja tu, shujaa, asiye na maneno mengi.

Wewe uliyesoma mpaka hapa unaonekana mtu wa kuaminika. Njia ya kunipata ni hii. Mpe barua yako dereva yeyote anayekuja Kibua. Kabla ya daraja kuna kizuizi cha askari. Aiache hapo. Yuko koplo mmoja mpole sana, anapokea barua za kijiji chote na kuzisoma kwanza, zisije zikapotea. Usiandike jina langu, ni hatari. Andika "Kwa Mwami wa Kibua". Na ili isichanganywe na nyingine, andika juu ya bahasha, kwa herufi kubwa, inahusu nini: KULITEKA DARAJA, JUMATANO ALFAJIRI.